Umesomea mbu Kwale? Hizi hapa njia halali za kufanya kazi majuu

Asubuhi na mapema Ukunda. Wenzako wanapanda tuktuk kwenda kazini kwenye hoteli za Diani, wewe uko uani kwa watu unafungua mtego wa mbu uliotegwa jana jioni. Shangazi yako kule Msambweni bado anashangaa: “Mwanangu, miaka minne chuo kikuu, kumbe ulikwenda kusomea mbu?”

Ndiyo, shangazi. Na mbu hao wana soko.

Chukua chikungunya. Jina lake limetoka kwa Wamakonde, na ugonjwa wenyewe ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika. Mwaka 2025, Ufaransa ilikuwa na mamia ya watu walioambukizwa humo humo nchini, kwa sababu mbu anayeueneza tayari amefanya makao Ulaya. Virusi vya aina hiyo, pamoja na dengi, vimefanyiwa utafiti Ukunda na Msambweni kwa miaka mingi.

Kwale pia ndiko kulikofanyiwa jaribio la BOHEMIA. Watu walipewa dawa ya ivermectin mara moja kwa mwezi, kwa miezi 3, ili mbu anayewauma afe. Matokeo yaliyotolewa Julai 2025 yalionyesha maambukizi ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26. Kama umewahi kufanya kazi ya mbu mashinani huku, hiyo si kibarua tu. Iandike kwenye CV.

Sasa, milango ni ipi?

Ujerumani

Watu wengi wameisikia Chancenkarte, kadi iliyoanza Juni 2024. Inakupa hadi mwaka mmoja wa kutafuta kazi ukiwa kule kule, na ruhusa ya kibarua cha saa 20 kwa wiki. Lakini lazima uonyeshe pesa za kujikimu, zaidi ya yuro 1,000 kwa kila mwezi. Kwa kijana wa Msambweni, hiyo si pesa ndogo.

Mtafiti ana njia nyingine isiyopigiwa kelele sana: viza ya utafiti. Chuo au taasisi inayokuhitaji inatia saini mkataba wa kukupokea, nawe unaomba viza kwa mkataba huo. Ukimaliza utafiti, unaweza kupewa miezi 9 ya kutafuta kazi. Ukiwa na ofa ya kazi inayolingana na digrii yako, kuna Blue Card, na wanasayansi wamewekewa kiwango cha chini zaidi cha mshahara.

Uingereza

Viza ya Skilled Worker inahitaji mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni. Orodha ya waajiri hao iko wazi mtandaoni, kwa hivyo kagua kabla hujaamini mtu. Ukishakuwa na uzamifu na kazi zilizochapishwa, kuna Global Talent, ambayo haikufungi kwa mwajiri mmoja. Tatizo ni gharama: ada ya afya pekee ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza.

Marekani

Hapa mambo yamekaza. Septemba 2025, Rais Trump alitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B. Watafiti wengi huingia kwa viza ya J-1, lakini soma masharti vizuri: baadhi yao hulazimika kurudi nyumbani kwa miaka 2 kabla ya kuomba H-1B au ukaazi.

Usiuze shamba

Umeona kitu kimoja? Karibu njia zote zinaanza na taasisi inayokutaka, si ajenti. Barua pepe nzuri kwa profesa anayechunguza mbu wako inaweza kukufikisha mbali kuliko bahasha ya pesa kwa mtu uliyekutana naye WhatsApp.

Mkataba wa uhamiaji wa Kenya na Ujerumani ulipotiwa saini Septemba 2024, uvumi wa nafasi 250,000 ulienea kote. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikanusha: mkataba haukutaja idadi yoyote. Ukimtumia ajenti, hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA) kabla familia haijauza minazi.

Na si lazima uanzie mbali. Taasisi ya icipe, yenye makao Nairobi na kituo cha utafiti Muhaka hapa Kwale, inafunza wanafunzi wa uzamifu kutoka Afrika nzima. Mwanzilishi wake, Thomas Odhiambo, alisomea wadudu Cambridge, akarudi, na mwaka 1970 taasisi ikaanza.

Kwa hivyo shangazi akiuliza tena, mwambie utakwenda. Kama utarudi au la, hilo utaamua wewe. Ila nenda na barua ya kazi mkononi, si deni la ajenti.