Asumini za Mpendae: biashara ya usiku mmoja

Masika yakikolea, kati ya Machi na Mei, ndio wakati wa kukata vipandikizi vya asumini na kuvichomeka kwenye viriba, makopo ya rangi na ndoo zilizopasuka. Ardhi imelowa, na mche hushika bila kubembelezwa. Kwa akina mama wa Mpendae na mitaa mingine ya Ng'ambo, mjini Zanzibar, wanaouza maua, huo ndio msimu wa kuweka mtaji.

Mtaji wenyewe ni shina lililopo uani. Likipata jua, samadi na mkono wa kulipogoa, huzaa miaka na miaka, kwani ua la asumini hutoka kwenye tawi jipya. Kazi inayofuata haitaki kuchelewa. Asumini huchumwa alasiri, ingali kitumba, nyeupe na imefumba. Ikifungukia mtini, harufu huchukuliwa na upepo. Mama hunyofoa kitumba kwa ncha za vidole, akakilaza kwenye kitambaa chenye unyevu, na kabla ya magharibi ameshaanza kutunga. Vingine huingia kwenye uzi vikawa koja. Vingine hufungwa pamoja na mrehani, kilua, mkadi au langilangi, vikawa kikuba cha kupachikwa nyweleni au kifuani. Baada ya isha vitumba hufunguka mwilini mwa mvaaji. Asubuhi vimeshageuka rangi.

Kwa hiyo hakuna ghala wala cha kuweka kesho. Kisichouzwa jioni ile ni hasara, ndiyo maana muuzaji mzoefu hupenda oda ya harusi kuliko wateja wa kupita. Mfunguo mosi, harusi zinapofuatana baada ya Ramadhani, shughuli hupamba moto. Mkesha wa sikukuu bei hupanda, na hupanda tena wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, maana baridi hupunguza maua.

Mnunuzi naye, mara nyingi, ni mama au mtu anayemnunulia mama. Mzazi akitoka arubaini hufukizwa udi na kupambwa; mama wa bibi harusi hakai mbele ya wageni bila kikuba. Heshima hiyo haina siku yake kwenye kalenda. Kwingine imepewa tarehe, na tarehe imezaa soko kubwa. Marekani iliitangaza rasmi Siku ya Mama mwaka 1914, Jumapili ya pili ya Mei. Misri, kwa wito wa waandishi wa habari Mustafa na Ali Amin, iliisherehekea 21 Machi 1956, majira ya machipuko yanapoanza, na nchi nyingi za Kiarabu zikaifuata. Naivasha, Kenya, huvuna waridi kwa kuzifuata siku kama hizo, kisha huzipeleka Ulaya kwa ndege, zikitunzwa kwenye ubaridi njia nzima.

Asumini ya Mpendae haiwezi safari hiyo. Mimi sioni kuwa huo ni udhaifu. Ua linaloishi usiku mmoja haliletwi kwa meli kutoka nje likavunja bei ya mama wa mtaani. Soko lake liko hapa hapa, na limepanuka: zaidi ya wageni 700,000 waliingia Zanzibar mwaka 2024, na hoteli zinapenda kupamba vyumba kwa maua.

Kinachotishia biashara hii ni ardhi. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya 2012; sensa ya 2022 ilihesabu 893,169. Watu hao wanahitaji pa kulala, na ua wa nyumba ndio unaoliwa kwanza: kinajengwa chumba cha kupangisha, panapobaki panamwagwa saruji. Mwenye nyumba hawezi kulaumiwa kwa kutaka kodi. Lakini kodi humwingia yeye mfukoni, na pesa ya asumini humwingia mama mkononi, ikaenda kwenye upatu, daftari za shule na kitoweo. Shina likikatwa, pato la nyumba huenda likaongezeka, na la mama likakatika. Hesabu hiyo naona haifanywi, na inaniuma.

Asumini hukubali kulimwa kwenye ndoo, hata juu ya dari la zege, ilimradi maji yasikosekane Januari na Februari, jua linapokuwa kali. Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi Zanzibar (ZEEA) hukopesha wajasiriamali wadogo. Tangi la maji, ndoo ishirini na samadi ni mkopo mdogo, na mama anayetunga vikuba anaweza kuurejesha kidogo kidogo baada ya kila msimu wa harusi. Masharti yapangwe kwa kalenda yake: marejesho mazito Mfunguo mosi, mepesi wakati wa kipupwe.