Panya Katika Jumba la Makumbusho

Panya si mnyama ambaye watu hutoa nauli kwenda kumtazama. Hata hivyo, mwezi wa Novemba 1969, katika mtaa wa Anacostia ulioko kusini-mashariki ya jiji la Washington, mji mkuu wa Marekani, jumba moja dogo la makumbusho lilifungua maonyesho ambayo mhusika wake mkuu alikuwa panya. Hawakuwa panya waliokaushwa na kubandikwa ubaoni, bali panya hai, waliowekwa mahali palipotengenezwa kufanana na ua wa nyumba za mtaa huohuo, pamoja na takataka zake. Maonyesho hayo yalipewa jina lenye maana hii: Panya, Balaa Iliyokaribishwa na Binadamu.

Watazamaji wake hawakuwa wataalamu wa elimu ya wanyama. Walikuwa watu wa mtaa wenyewe, na hasa watoto, ambao walimfahamu panya kwa namna ambayo wataalamu wengi hawakumfahamu. Walikuwa wamemsikia usiku ndani ya kuta. Katika mitaa ya kimaskini ya miji mikubwa ya Marekani ya miaka hiyo, halikuwa jambo la ajabu mtoto mchanga kuumwa na panya akiwa usingizini. Ndiyo maana wafanyakazi wa makumbusho hayo waliona kwamba haifai kuwaonyesha watu hao vyungu vya kale na sanamu za wafalme, huku jambo linalowanyima usingizi likiachwa nje ya mlango.

Ili kuelewa jinsi makumbusho yalivyofika hapo, ni lazima kurudi nyuma miaka michache. Taasisi ya Smithsonian ni mojawapo ya taasisi kubwa duniani za makumbusho, na majumba yake mengi yako katikati ya Washington. Hayatozi kiingilio. Lakini S. Dillon Ripley, mtaalamu wa ndege aliyeshika uongozi wa Smithsonian mwaka 1964, aliona kwamba wakazi wa mitaa ya kimaskini hawakuwa wakiingia katika majumba hayo. Mlango ulio wazi, kumbe, si mwaliko. Ripley akapendekeza kwamba ikiwa watu hawaendi kwenye makumbusho, basi makumbusho yawafuate watu. Wakazi wa Anacostia, mtaa ulioko ng'ambo ya mto wenye jina hilohilo, waliunda halmashauri yao na kushiriki katika mipango tangu mwanzo. Jumba la sinema lililokuwa limeachwa, likiitwa Carver, lilisafishwa na kutengenezwa, na tarehe 15 Septemba 1967 makumbusho yakafunguliwa.

Mkurugenzi wake wa kwanza, John Kinard, alikuwa mchungaji wa kanisa mwenye umri wa miaka 30, mzaliwa wa Washington, ambaye hakuwa amesomea kazi ya makumbusho hata kidogo. Jambo linaloweza kumpendeza msomaji wa Afrika Mashariki ni kwamba kabla ya hapo, mwaka 1962, Kinard alikuwa amefika Tanganyika pamoja na vijana wa kujitolea wa Operation Crossroads Africa, wakashirikiana na wenyeji katika kazi ya ujenzi.

Ndani ya jumba hilo kila kitu kiliwekwa ili kiguswe. Palikuwa na chombo cha anga cha aina ya Mercury. Palikuwa na duka lililotengenezwa kama maduka ya Anacostia ya miaka ya 1890, likiwa na kinu cha kahawa na pampu ya maji ambavyo mtoto aliweza kuviendesha kwa mkono wake. Palikuwa na mifupa ya wanyama ya kuunganishwa na kutenganishwa, na mara kwa mara wanyama hai. Palikuwa pia na kitu ambacho kilihitaji fedha kidogo kuliko vyote: maboksi ya viatu, ambayo ndani yake mliwekwa ngozi za ndege na za wanyama, makombe na visukuku. Mtoto alichukua boksi, akaketi, akafungua, akatazama kwa muda aliotaka.

Sasa, turudi kwa panya. Je, maonyesho ya mnyama anayechukiwa na kila mtu yana elimu gani?

Panya wa kahawia, ambaye ndiye msumbufu mkuu wa miji ya Marekani, hubeba mimba kwa siku 21 hadi 23 tu. Kwa kawaida huzaa watoto kati ya 6 na 12 kwa mara moja, na watoto hao huwa tayari kuzaa wakifikia umri wa miezi miwili au mitatu. Mwanafunzi na afanye hesabu mwenyewe: jike anayezaa mara 5 kwa mwaka, watoto 8 kila mara, huleta panya wapya 40 kabla hata ya wajukuu kuhesabiwa. Meno yake ya mbele huota maisha yake yote, na yasipoliwa kwa kutafuna yangerefuka zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka. Kwa sababu hiyo panya hutafuna hata asichokila: mbao, sabuni, nyaya za umeme.

Lakini neno lenye uzito katika jina la maonyesho yale ni "iliyokaribishwa". Panya huhitaji vitu vitatu, navyo ni chakula, maji na mahali pa kujificha; vyote vitatu hupewa na binadamu. Utafiti uliofanywa katika jiji la Baltimore, si mbali na Washington, kuanzia miaka ya 1940, ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba idadi ya panya katika mtaa hutegemea zaidi wingi wa chakula na maficho kuliko wingi wa sumu inayotegwa. Panya wakiuawa huku takataka zikiachwa palepale, wale wachache waliosalia hupata chakula tele, huzaana upesi, na baada ya miezi michache hesabu hurudi ilipokuwa. Ukiondoa takataka na kuziba matundu, hesabu hushuka na kubaki chini. Hii ni kanuni ya ekolojia ambayo mwanafunzi wa sekondari huisoma kwa michoro ya mistari. Mtoto wa Anacostia aliisoma kwa kuutazama ua uliofanana na wa nyumbani kwao.

Somo hilo si la Marekani peke yake. Katika wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga, tauni ilizuka mwaka 1980 na ikaendelea kurudi kwa zaidi ya miaka 20, ikaambukiza maelfu ya watu na kuua mamia. Vijidudu vya tauni hukaa katika panya na wanyama wengine wagugunaji, na huletwa kwa binadamu na viroboto. Mahindi yanapohifadhiwa ndani ya nyumba wanamolala watu, panya huyafuata, na viroboto humfuata panya. Hapa pana jambo moja ambalo kila mwalimu angepaswa kulisisitiza: mahali penye tauni, kuua panya kwanza ni hatari. Panya akifa, viroboto wake humwacha na kutafuta mwili mwingine wenye damu ya moto, na mwili huo waweza kuwa wa mwenye nyumba. Kwa hiyo viroboto huuliwa kwanza kwa dawa, ndipo panya.

Haifai, hata hivyo, kuyasifu maonyesho ya Anacostia kupita kiasi. Makumbusho hayana magari ya taka, wala hayawezi kumlazimisha mwenye nyumba ya kupangisha azibe matundu. Tena kulikuwa na jambo jingine. Kwa miaka mingi makumbusho yale hayakuwa na hazina yake ya vitu. Yaliishi kwa kuazima. Wenye kazi hiyo waliona upungufu huo, kwa kuwa historia ya mtaa isiyohifadhiwa na mtu hupotea pamoja na wazee wake. Walianza kukusanya, na mwaka 1987 makumbusho yakahamia katika jengo jipya huko Fort Stanton, ambako yapo hadi leo.

Barani Afrika wazo kama hilo lilikuwa limetangulia. Mwezi wa Desemba 1959, mjini Niamey, yalifunguliwa Makumbusho ya Taifa ya Niger. Waliohangaikia kuanzishwa kwake ni Boubou Hama, aliyekuwa mwalimu, mwanahistoria na mwanasiasa, na Pablo Toucet, mwanaakiolojia kutoka Hispania aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza. Badala ya jengo moja kubwa lenye ngazi za mawe, walitengeneza bustani ya hekta zipatazo 24 katikati ya mji. Humo mna mabanda ya maonyesho, nyumba za makabila mbalimbali ya Niger, wanyama hai, na karakana ambamo wahunzi, wafumaji na mafundi wa ngozi hufanya kazi mbele ya watazamaji na kuuza walichokitengeneza. Vijana walioacha shule walifundishwa ufundi humohumo. Katika nchi ambayo watu wengi wakati ule hawakujua kusoma, makumbusho yasiyotegemea maandishi ukutani yalikuwa jambo la busara kubwa, na watu wa kawaida waliyajaza.

Katika bustani hiyo kuna kitu ambacho walimu wa biolojia wangefurahi kukiona. Ni mabaki ya mgunga mmoja uliokuwa umesimama peke yake katika jangwa la Ténéré, bila mti mwingine kwa mamia ya kilomita. Misafara ya ngamia iliutumia kama alama ya njia, na hakuna aliyethubutu kuukata kuni. Kisima kilipochimbwa karibu nao mwishoni mwa miaka ya 1930, mizizi yake ilionekana ikifuata maji kwenye kina cha zaidi ya mita 30. Mwaka 1973 dereva wa lori aliugonga na kuuangusha. Yaani katika uwanda wote ule usio na kitu, lori lilikutana na mti. Mabaki yake yalipelekwa Niamey mwaka huohuo.

Tanzania nayo ina mifano yake. Mwaka uleule wa 1967, Kijiji cha Makumbusho kilifunguliwa kando ya barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, kikiwa na nyumba za jadi zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, ikiwamo msonge wa Wahaya na tembe ya Wagogo. Nyumba ya udongo na nyasi haihifadhiki kama sarafu ndani ya kioo. Mvua huinyeshea na mchwa huila, hata ikabidi iezekwe upya, na ujuzi wa kuezeka uko kwa watu, hauko katika daftari la makumbusho. Tangu miaka ya 1990 kijiji hicho kimekuwa kikiandaa siku za utamaduni, ambapo jamii moja hukaribishwa kuonyesha vyakula, ngoma na ufundi wake. Wenyeji ndio huamua kipi kionyeshwe na ndio hutoa maelezo.

Huko Bujora, karibu na Mwanza, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padre David Clement pamoja na Wasukuma wenyewe yana banda lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Kila mwezi wa Juni hufanyika hapo sikukuu ya Bulabo. Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, wengine wakiwa na nyoka, na anayekusanya watazamaji wengi zaidi ndiye mshindi. Hakuna hojaji itakayopima mapenzi ya watazamaji kwa haraka kuliko hiyo.

Shule isiyo na makumbusho karibu inaweza kuanza na maboksi ya viatu. Kwa kila kitu kinachoingia, jembe la kale, mbegu, jiwe au mtego wa panya uliosukwa na babu, iandikwe kadi yenye jina la kitu katika lugha ya mahali na kwa Kiswahili, tarehe, mahali kilipopatikana, aliyekitoa na kazi yake. Wazee waulizwe, na majibu yao yaandikwe siku ileile. Ngozi na mbao zikaguliwe kila mwezi, kwani bungua hawakawii. Unga mwembamba ukionekana chini ya boksi, kitu hicho kitengwe na vingine mara moja. Maboksi yasiwekwe sakafuni, wala katika chumba kimoja na mahindi ya shule.