Kang na Kijana Aliyeikataa Kesho Yake

Wakati ni ukuta, walituonya wahenga, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Hata hivyo, katika hadithi za vibonzo za Marekani yumo jahili mmoja ambaye ukuta huo kwake ni mlango usio na komeo. Huingia na kutoka karne yoyote apendapo. Jina lake ni Kang, na vijana wengi walimjua kwa filamu ya mwaka 2023 kabla hawajapata kumsoma. Wapo walimu ambao wakimkuta mwanafunzi na kitabu cha aina hii humpokonya papo hapo. Ninawasihi wakisome kwanza, kwani ndani yake mna swali linalomhusu mwalimu kuliko mtu mwingine yeyote.

Kang alibuniwa na mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby wa kampuni ya Marvel. Jina hilo lilitokea kwa mara ya kwanza katika toleo la 8 la The Avengers, Septemba 1964. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, katika toleo la 19 la Fantastic Four, wasomaji walikuwa wamekwisha kumwona kwa jina la Rama-Tut: mtu wa karne zijazo aliyepanda chombo cha kusafiria katika wakati, akashuka Misri ya kale na kujitawaza Farao.

Tuzingatie jambo moja. Kang hakuzaliwa na uwezo wowote wa ajabu. Alichonacho ni silaha na maarifa ya zama za mbele, ambayo huwatumia kuwakandamiza watu wa zama za nyuma wasio na kinga dhidi yake. Sisi ambao mababu zetu walikabili bunduki ya Maxim kwa mikuki na mishale hatuhitaji kufafanuliwa ushindi wa namna hiyo.

Hata hivyo, bwana huyu wa karne zote ana adui mmoja asiyemweza, naye ni nafsi yake. Waandishi waliofuata walieleza kwamba Immortus, mzee anayelinda mikondo ya wakati, ndiye Kang yule yule katika uzee wake. Kang humchukia mzee huyo kupindukia, kwa kuwa hataki kuwa yeye.

Mwaka 2005 mwandishi Allan Heinberg na mchoraji Jim Cheung waliligeuza swali hilo upande wa pili katika Young Avengers. Humo tunakutana na Nathaniel Richards, kijana wa miaka 16, mpole na mwenye akili. Siku moja, wakorofi wakiwa karibu kumdhuru, Kang anatokea na kumwokoa. Kisha anamwonyesha kesho yake: vita, maangamizi na taji. “Mimi ni wewe,” ndiyo maana ya ujumbe wake. Kijana anashikwa na hofu, anaikataa kesho hiyo na kutorokea karne zilizopita. Huko anawakusanya vijana wenzake na kujiita Iron Lad.

Nauliza: je, ni mara ngapi mwanafunzi amesimamishwa mbele ya wenzake akaambiwa kwamba hatafika popote, kwamba mwisho wake ni jela, kwamba ameiga nduguye na ataishia alikoishia nduguye? Anayesema hivyo anafanya kazi ya Kang. Tena Kang ana udhuru kidogo, kwa sababu yeye ameiona hiyo kesho kwa macho yake. Mwalimu hana chombo cha kusafiria katika wakati. Ana matokeo ya muhula mmoja tu. Hujafa hujaumbika, nasi tunamhukumu mtoto ambaye hata ndevu hajaota!

Huenda msomaji akanipinga kwamba hadithi yenyewe inampa Kang ushindi. Kweli, Iron Lad anamwua Kang, historia inavurugika na dunia ya wenzake inaanza kubomoka, hata inambidi arudi kwao akaishi maisha aliyoyakimbia. Lakini tutazame sababu ya kurudi kwake. Harudi kwa tamaa ya taji. Anarudi ili rafiki zake wapate kuishi. Kang hajitoi mhanga namna hiyo. Njia ilikuwa imefungwa, lakini moyo uliopita humo haukuwa ule uliotabiriwa.

Kwa hiyo, ewe mwalimu, kibonzo hicho kirejeshe darasani, uwaulize wanafunzi wako: ungelikuwa Iron Lad, ungelifanya nini? Waandike insha. Nawe mwanafunzi uliyekwisha kutabiriwa mabaya, kumbuka kwamba aliyekutabiria hajafika kesho. Wewe ndiwe utakayeanza kufika.