Kumwandikia Mwenzako Aliyefiwa na Babu

Katika shule ya bweni kama hii yetu haupiti muhula bila mwanafunzi mmoja au wawili kuletewa habari ya msiba, na mara nyingi aliyefariki ni babu. Wenzake humwambia "pole" mlangoni mwa bweni, kisha mazungumzo hurudi kwenye mpira na mitihani. Wachache hushika kalamu wakamwandikia, na katika hao wachache wengi hawajui waanzie wapi. Ndiyo sababu nimemwomba mhariri anipe nafasi nieleze jinsi ya kuandika barua ya rambirambi, hasa kwa mwenzetu aliyefiwa na babu yake.

Yafaa kwanza tuyajue maneno yenyewe, maana wengi wetu hapa Uganda Kiswahili tumekikuta shuleni. Tanzia ni habari ya kifo. Rambirambi ni maneno ya kumfariji aliyefiwa, na pia ni fedha au vitu anavyopewa vya kumsaidia. Waganda huziita fedha hizo mabugo, na jina hilo ni la zile nguo za magome ya mti ambazo zamani watu walikuja nazo za kumzikia maiti. Siku hizi waja na fedha, lakini jina limebaki. Aliyekufa huitwa marehemu, neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake aliyerehemiwa. Basi hata asemaye "marehemu babu yako" amekwisha kumwombea. Watu wa pwani humwambia mfiwa "makiwa", neno lililo ndugu wa "ukiwa", yaani upweke. Neno hilo lanipendeza sana, kwa kuwa halisemi habari za kifo. Lasema habari za yule aliyebaki.

Na huo ndio msingi wa barua yote. Barua ya rambirambi haiandikwi ili kueleza mauti ni nini. Huandikwa ili aliyeachwa ajue kwamba hayuko peke yake.

Sasa, kwa nini nataja babu? Afapo mzee, watu huwaendea wajane wake na watoto wake, na mjukuu hupitwa. Husemwa, "Mzee amekula chumvi nyingi." Maneno hayo ni sifa njema katika vinywa vya wenye msiba wenyewe. Lakini mgeni akimwambia mjukuu hivyo, ni kama amemwambia asilie sana, kwa sababu hasara ni ndogo. Sivyo. Katika makabila yetu mengi babu na mjukuu ni watani. Baba hukemea, babu hutania. Humwita mjukuu wa kike "mke wangu", na wa kiume humwita mwenzake wa kugombania mke. Mjukuu afiwapo na babu amepoteza mzee na mtani kwa siku moja.

Tena liko jambo la jina. Kwa desturi ya Wakikuyu wa Kenya mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Mjukuu kama huyo amefiwa na somo wake, na kila aitwapo darasani hulisikia jina la marehemu. Huko Buganda mrithi hutambulishwa kwa ukoo katika sherehe ya kumaliza msiba, iitwayo okwabya olumbe, akivikwa nguo ya gome, na pengine aliyechaguliwa ni mjukuu. Kijana wa miaka 17 aweza kwenda likizo akiwa mwanafunzi tu, akarudi akiwa amekalia kiti cha babu yake.

Mimi mwenyewe nilifiwa na babu mzaa mama mwaka jana, muhula wa pili. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka 4. Kwa umbali wa safari nilifika kaburi limekwisha kufukiwa. Niliporudi shuleni nilipata barua 11. Barua 9 zilikuwa karibu sawasawa: kazi ya Mungu haina makosa, jikaze, sote njia yetu ni hiyo. Nilizipokea kwa shukrani, maana walioziandika walinitakia mema. Lakini mbili ndizo zilizomo hata leo katika sanduku langu.

Ya kwanza ilitoka kwa mwenzangu aliyepata kututembelea wakati wa likizo. Aliandika kwamba babu alimfundisha kunoa panga kwa kulilaza juu ya jiwe, na kwamba kila siku ya kufyeka nyasi za shule humkumbuka. Mistari mitano tu. Ya pili ilitoka kwa mtu asiyemwona babu kamwe. Aliandika, "Sikumjua babu yako, lakini nazijua hadithi zake ulizotusimulia usiku taa zikizimwa. Masomo ya jiografia uliyoyakosa nitakunakilia yote." Na akayanakili, kurasa 14, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Kutokana na barua hizo nimepata mashauri haya.

Kwanza, andika upesi, lakini usiache kuandika kwa kuwa umechelewa. Siku za matanga nyumba hujaa watu. Ukiwa wenyewe huja baadaye, watu wakiisha kutawanyika. Barua inayofika baada ya mwezi mmoja humkuta mfiwa akiihitaji sana.

Pili, uache mwanzo tuliouzoea. Barua zetu nyingi huanza, "Mimi ni mzima, hofu ni kwako," kisha, "Madhumuni ya barua hii ni kukujulia hali." Mwenye msiba hali yake yajulikana. Ingia moja kwa moja katika habari iliyokufanya uandike.

Tatu, mtaje marehemu kwa jina lake, na useme kama ni babu mzaa baba au mzaa mama. Waganda husema jjajja kwa babu na kwa bibi pia. Basi ahakikishe kwanza nani aliyefariki, ndipo aandike. Hapana jambo linaloumiza kama kupewa pole ya mtu aliye hai.

Nne, sema neno moja unalolijua juu yake. Kama hukumjua, sema ulilolisikia kwa mjukuu wake, au ulilomwona mjukuu akilitenda kwa kufunzwa na babu. Usibuni sifa. Mfiwa huzitambua sifa za kubuni mara moja.

Tano, ahidi jambo dogo, ukalitimize. Usiandike, "Ukihitaji kitu niambie," maana hapo umemtwika mwenye huzuni kazi ya kufikiri na kuomba. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kumfaa ni kwa tendo.

Sita, heshimu dini yake. Waislamu huzika upesi, mara nyingi siku ile ile, kwa hiyo usimwulize Mwislamu mazishi yatakuwa lini wiki nzima baada ya kifo. Kumwombea marehemu rehema kwafaa kwa Mwislamu na kwa Mkristo. Mahubiri marefu waachie mashehe na mapadre.

Saba, usiulize ugonjwa ulikuwa gani, wala nani atarithi shamba.

Wenzetu waliokwisha kutoka shuleni watasema kwamba siku hizi iko simu ya mkononi. Ni kweli, nayo ni njema kwa haraka. Lakini ujumbe uliotumwa kwa watu 100 kwa pamoja hauwezi kumtaja babu wa mtu mmoja. Mashauri haya yafaa kwa simu pia, mradi maneno uyaandike wewe. Na katika shule nyingi za bweni mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Kwake karatasi ndiyo njia.

Huu hapa mfano. Wenye kuutumia waubadili upatane na mtu wao.

"Ndugu yangu Fulani,

Nimepata habari leo kwamba babu yako mzaa baba, Mzee Fulani, amefariki. Pole sana, wewe na wazazi wako na bibi. Sikupata kuonana naye, lakini nakumbuka ulivyotuambia kwamba alikuwa akikuhesabia ndizi kwa mafumbo, usipofumbua hupati. Sasa najua ulikojifunzia hesabu. Mungu amrehemu.

Zamu yako ya kufagia bweni nimeichukua mpaka utakaporudi. Usiwe na haraka.

Mimi rafiki yako,
Fulani."

Mwaona barua yenyewe ni fupi. Haikumaliza huzuni, wala hapana barua iwezayo. Lakini mwenye kuipokea ataisoma zaidi ya mara moja, na katika kila kusoma atamkuta babu yake akitajwa na mtu mwingine kwa wema. Basi, ndugu zangu, kama yuko mwenzenu katika bweni aliyerudi kutoka mazishini muhula huu, karatasi ipo na kalamu ipo. Mwandikieni kabla shule haijafungwa.