Prosesa Mpya, Kompyuta Inazimika: Tufanyeje?



Siku hizi vikundi vingi vinaweka hesabu za michango na mikopo ndani ya kompyuta. Mara nyingi ni mashine iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika ofisini. Baada ya muda inakuwa nzito, na fundi anashauri iwekwe prosesa yenye nguvu zaidi. Kikundi kinachanga, prosesa inawekwa, na hata wiki haijaisha kompyuta inaanza kuzimika yenyewe katikati ya kazi. Hapo ndipo maneno huanza. Mwenyekiti anamlaumu fundi, fundi anailaumu stima, na wanachama wanauliza pesa zao zimekwenda wapi.

Kabla ya kulaumiana, au kununua kitu kingine, tuelewe kwanza jambo lenyewe.

Prosesa inataka nini?

Prosesa ni kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Ikifanya kazi nyingi, inakula umeme mwingi na kutoa joto jingi. Tuchukue mfano. Prosesa ya Intel Core i3-2100, iliyotoka mwaka wa 2011, imekadiriwa wati 65. Core i7-2600 ya mwaka huo huo inaingia katika soketi ile ile, lakini imekadiriwa wati 95. Ni kama kumleta ng'ombe wa gredi katika boma la ng'ombe wa kienyeji. Maziwa yataongezeka, ndiyo, lakini majani na maji lazima yaongezeke pia.

Jambo la kwanza kabisa: okoeni hesabu zenu. Nakilini kila kitu kwenye flashi, na mchapishe ukurasa wa akiba na madeni. Kompyuta inayozimika ghafla inaweza kuharibu faili iliyokuwa wazi. Halafu chomoeni waya ukutani kabla ya kufungua sanduku, na mguse chuma chake ili umeme wa mwilini usidhuru vipande.

Sasa fuateni hatua hizi, moja baada ya nyingine.

1. Joto. Dalili: mashine inakaa dakika chache, inazimika. Ukiiwasha papo hapo inazimika upesi zaidi. Ikipumzika, inakaa tena kidogo. Joto likizidi kiasi, inajizima ili isiungue. Angalieni feni iliyo juu ya prosesa: inazunguka? Ina vumbi? Kipoozaji chake mara nyingi kina miguu minne. Mguu mmoja ukiwa haukuingia sawasawa, hakishiki vizuri. Pia pesti ya kupitisha joto lazima iwe mpya. Futeni ile ya zamani kwa spiriti, muweke nyingine kiasi cha punje ya mbaazi. Ikizidi haisaidii.

2. Pawasaplai. Hili ni lile sanduku la chuma linalogeuza stima ya volti 240 kuwa volti 12, 5 na 3.3. Dalili: mkiandika barua hakuna shida, lakini kazi nzito ikianza mashine inazimika au inajiwasha upya. Pawasaplai iliyofanya kazi miaka mingi hupungua nguvu. Azimeni nyingine inayofaa mjaribu kabla ya kununua. Lakini hii yenyewe msiifungue kamwe! Ndani yake hubaki umeme wa kuua hata waya ukiwa umechomolewa.

3. Bodi na baiosi. Dalili: feni zinazunguka lakini skrini ni giza. Hakikisheni ile plagi ndogo ya umeme iliyo karibu na prosesa imechomekwa, na memori haikulegea wakati wa kazi. Memori iliyolegea huleta pia ile skrini ya buluu yenye maandishi. Fundi aangalie kama kuna pini iliyopinda ndani ya soketi. Tena, kuingia kwenye soketi si kukubaliwa. Core i5-3470 ya mwaka wa 2012 inaingia katika soketi hiyo hiyo, lakini bodi ya 2011 huenda ikataka kwanza baiosi mpya, na bodi nyingine hazikubali kabisa. Baiosi hubadilishwa prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, na siku ambayo stima imetulia. Ikikatika katikati, bodi inaweza kufa.

4. Stima ya kijijini. Andikeni saa ambazo kompyuta inazimika. Kama ni wakati ule mashine ya posho ya jirani inapoanza kusaga, basi huenda kosa si la prosesa. Mota kubwa ikianza huvuta stima, na volti zinashuka. Stabilaiza husaidia volti zikipanda na kushuka, lakini haiweki akiba. Stima ikikatika kabisa, ni UPS yenye betri nzima itakayowapa dakika za kufunga vitabu.

Kipimo cha mwisho

Ikiwa bado hamjajua, rudisheni prosesa ya zamani pamoja na pesti mpya. Mashine ikitulia siku kadhaa, basi ile mpya ni mbovu, haikubaliwi na bodi, au inadai zaidi ya vile mashine inavyoweza kuipa. Ikiendelea kuzimika, kosa liko mahali pengine, na prosesa mpya haina hatia. Kwa hiyo msikubali fundi aondoke na ile ya zamani. Ni mali ya kikundi, na ndiyo shahidi wenu.

Badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na katibu aandike kwenye daftari. Mkibadilisha vitu vitatu pamoja, hata mashine ikipona hamtajua dawa ilikuwa ipi, na mtakuwa mmelipia zote tatu.

Maswali ya kujadiliana kikundini

- Hesabu zetu zimenakiliwa mahali pengine? Nani anazitunza?
- Kabla ya kununua kipande, nani atamwuliza fundi kama bodi inakikubali, na wati ni ngapi?
- Je, tumekubaliana na fundi kwa maandishi kwamba atarudi kazi ikiharibika?