Tabibu wa Nafsi na Mgonjwa Wake

Mwaka jana nalikwenda Nairobi kumtazama mpwa wangu, akaaye mtaa wa Fedha, upande wa Embakasi. Ni mtaa wa magorofa yaliyosongamana, si mbali na uwanja wa ndege. Jina lake ni la neema, lakini kijana nilimkuta amekonda, usiku halali, mchana amejifungia.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

Mamake, dada yangu, alifariki Mombasa alfajiri, na kwa ada yetu maiti haikawizwi, alasiri tukazika. Kijana alifika magharibi, akakuta udongo mbichi. Tangu siku ile moyo wake haukutulia.

Nalimwambia niliyoyajua: asubiri, amsomee mamake Yasini, amwachie Mola amri yake. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini leo naona haya kusema kwamba nalimjibu kabla sijamsikiliza.

Akaenda kwa mshauri nasaha, Muislamu mwenzetu. Bwana huyo alitazama saa mara tatu, akampa hotuba, kijana asirudi tena. Wa pili alikuwa mama wa Kikamba, Mkristo, nami nalitia shaka. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Nieleze, kwenu mtu huzikwaje, na saa ile wewe ulikuwa wapi?" Kijana akalia kama mtoto. Siku moja mama yule alimuudhi kwa neno juu ya haraka ya mazishi yetu. Kijana akamwambia waziwazi, naye akaomba radhi, wakaendelea. Leo mpwa wangu analala, anakwenda kazini, na Yasini anamsomea mamake kwa moyo mkunjufu.

Je, ilikuwa bahati tu? Wajuzi wa fani hii wanasema sivyo. Mwaka 1957 Mmarekani Carl Rogers aliandika kwamba mgonjwa hubadilika akikutana na mtu mkweli, asiyemhukumu, anayemwelewa. Mwaka 1979 mwenzake Edward Bordin akayataja mambo matatu yanayowafunga tabibu na mgonjwa: kukubaliana juu ya lengo, kukubaliana juu ya kazi ya kulifikia, na kuaminiana. Mwaka 2018 wataalamu walikusanya tafiti 295 za wagonjwa zaidi ya 30,000, wakaona kwamba mapatano hayo yakiwa mema, matokeo nayo huelekea kuwa mema, iwe tiba ya mazungumzo ni ya madhehebu gani. Uzito wake si wa kupita kiasi, wala si peke yake uponyao, lakini kila wapimapo wanaukuta.

Hapo hapo Nairobi, mwaka 2017 ulitangazwa utafiti wa wanawake 421 wa vitongoji vya jiji, wengi wao waliopata kudhulumiwa. Waliowahudumia hawakuwa madaktari, bali wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa kazi hiyo, kwa vikao vitano. Dhiki yao ilipungua kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida ya wauguzi. Basi shahada kubwa si sharti. Mafunzo na usikivu ndiyo sharti.

Wala jambo hili si geni katika Uislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na ya nafsi pamoja, akaeleza kwamba mwenye huzuni hutibiwa kwa fikira zake mwenyewe, na pia kwa maneno ya mwingine.

Ndugu msomaji, mficha maradhi kilio humfichua. Ukimwona wako amejifungia, msikilize kwanza, dua na nasaha zifuate. Akienda kwa mshauri, aulize kama amesajiliwa, kwani Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu mwaka 2014. Akiudhika, amwambie mshauri wake. Asiposikizwa, atafute mwingine, wala asidhani kwamba tiba yote ni bure. Na maradhi yakiwa mazito, hospitali ndiyo mahali pake.

Nami nimejifunza, na uzee wangu huu, kwamba sikio nalo ni dawa. Lau nalilitumia mapema, mpwa wangu asingalitaabika kiasi kile.