Barafu ya Kilimanjaro Yapimwa kutoka Angani

Mwanafunzi wa Issuna, mkoani Singida, akitazama picha ya Kilimanjaro iliyopigwa na setilaiti, huona weupe kileleni. Je, ni barafu au wingu? Vyote viwili huakisi nuru ionekanayo. Lakini iko miali isiyoonekana kwa macho, iliyo nje ya wekundu wa upinde wa mvua: wingu la matone ya maji huiakisi, ilhali barafu na theluji huifyonza, zikaonekana nyeusi. Setilaiti za Landsat hupima miali hiyo tangu mwaka 1982.

Ramani na picha za angani zaonyesha kuwa barafu ya Kilimanjaro ilipungua kutoka kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912 hadi chini ya 2 mwaka 2007. Hata hivyo, theluji ya jana huweza kuficha upungufu huo. Ndiyo maana picha za kiangazi huaminiwa zaidi.